Ishirini za Sayari, Kumi na Tisa Zangu

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kupokea simu za gari la wagonjwa. Mtu anapiga akilia, anataja mtaa aliokulia badala ya mtaa alipo, nami nina nusu dakika ya kujua yuko wapi na nani anakufa. Nilipostaafu niliapa kwamba sasa nitalala hadi jua linichome usoni. Miezi miwili haikuisha. Nikapata kazi ambayo nikimweleza mtu anadhani namtania: niliajiriwa kuchelewesha habari.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Watu watano walifungiwa kwa siku mia mbili na arobaini ndani ya nyumba ya duara, juu ya uwanda wa mawe meusi ambako hauoti hata unyasi, wakaishi kana kwamba wako kwenye sayari nyingine. Hawakuwa vichaa wala hawakuwa wanapigwa picha. Ipo siku watu watapelekwa huko kweli, na kabla ya kuwapeleka wataalamu wanataka kujua binadamu watano wakibanwa pamoja kitaharibika nini kwanza, choo au urafiki. Hapa duniani ukikosea unarekebisha. Huko ukikosea, ndiyo imetoka.

Masharti yalikuwa mengi. Maji yalipimwa kwa kikombe. Kutoka nje ni kwa vazi zito na helmeti tu, na kabla ya kutoka unasimama kwenye kichumba kati ya milango miwili, dakika tano nzima, ukingoja taa nyekundu igeuke ya kijani, eti hewa inatolewa. Hakuna hewa iliyotolewa. Ilikuwa milango ya kawaida yenye mpira pembeni, ungeweza kuisukuma kwa kiwiko. Lakini walisimama dakika zao tano kila walipotoka, na ole wake ambaye angefungua kabla.

Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa la ujumbe. Kutoka sayari ile hadi huku, ikiwa mbali, ujumbe husafiri dakika kama ishirini. Basi na sisi tulichelewesha dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, ingawa kutoka kambini hadi kituoni kwetu ni kilomita sita. Mashine ndiyo iliyoshikilia ujumbe. Mimi nilikaa mbele ya mashine, nikasoma kilichofika, nikaandika kwenye daftari, nikajibu, na nikahakikisha hakuna anayefanya ujanja. Watu wa kambini walinibatiza Mama Subiri. Sikukataa. Nimewahi kuitwa mabaya zaidi na watu waliosubiri gari la wagonjwa.

Mkuu wa kituo tulimwita Bwana Utaratibu, nyuma ya mgongo wake, ingawa nadhani alijua na lilimpendeza. Siku ya usaili aliniuliza, "Mmoja wa hao watano ni mkweo. Hutampendelea?"

"Bosi," nikamwambia, "kwa sasa hata kumpenda bado."

Akacheka, akanipa kazi. Hakujua kwamba sikutania.

Mkwe wangu ni fundi umeme. Kijana mtulivu, mikono yake safi kuliko ya mafundi wote ninaowajua, na adabu zake hazina mfano. Kosa lake lilikuwa moja. Aliondoka kwenda kwenye sayari yake mtoto akiwa na siku arobaini na moja. Nilizihesabu. Binti yangu akafunga vitu vyake, akarudi kwangu, akalala chumba cha pili na mtoto, na mimi niliyeapa kulala hadi jua linichome nikawa naamshwa na kilio kabla jogoo hajafikiria kuwika. Binti yangu hakulalamika. Walikuwa wamekubaliana wenyewe, alisema, nafasi kama ile haiji mara mbili. Wao walishamalizana. Hasira ilibaki kwangu, nikaitunza vizuri.

Na huyo mkwe ndiye aliyewatajia mradi jina langu walipotafuta mtu mwenye uzoefu wa mawasiliano. Hilo nalo nilimhesabia kosa, kwa kuwa nilitaka kazi ile na sikutaka kumshukuru.

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, alituma taarifa ya umeme. Ilinifikia saa mbili na dakika kumi. Kila taarifa ilianza hivi: "Shikamoo mama." Halafu mstari mpya, halafu mambo ya betri, paneli za jua na jenereta. Mwongozo ulikataza mambo ya kifamilia kwenye ujumbe wa kazi, lakini salamu haikutajwa popote, si kuruhusiwa wala kukatazwa, na Bwana Utaratibu hakuweza kufuta kitu kisichotajwa. Mimi nilijificha nyuma ya mwongozo huohuo. Nilijibu neno moja: "Imepokelewa."

Marahaba sikumpa hata siku moja. Siku ya kwanza nilifanya kusudi. Siku ya kumi ilikuwa mazoea. Siku ya mia nilishaona aibu, lakini aibu ya kuanza kumjibu siku ya mia ilikuwa kubwa kuliko ya kutomjibu. Watu wazima tunajua kujifunga kwa kamba tulizosokota wenyewe. Yeye hakuacha. Siku mia moja sitini na mbili, shikamoo mia moja sitini na mbili.

Binti yangu alikuwa akinipigia kila asubuhi nikiwa kazini, kwenye simu yangu ya mkononi, kuuliza swali moja. "Mama, amekuamkia?" Barua za familia zilipita mara moja kwa wiki tu, hivyo salamu ile ndiyo ilikuwa habari yake ya kila siku kwamba mumewe yu mzima.

"Ameniamkia."

"Umemjibu?"

"Mtoto amekula?" nilikuwa nasema, na yeye alikuwa anacheka na kukata simu.

Kuna jambo moja zaidi lazima nilieleze, la sivyo utadhani watu wale walikuwa wajinga. Makao makuu walikuwa wakituma mazoezi ya hatari bila kumwambia yeyote, hata Bwana Utaratibu. Ghafla kengele ya moto inalia kambini, au taa inaonyesha tangi la maji limepasuka, na wao wanatazamwa watafanya nini. Siku ya tisini ililia kengele ya hewa mbaya. Kapteni wao, mama mmoja mtaalamu wa mawe, mkakamavu, alikimbilia simu ya kweli.

Simu ya kweli ilikuwa moja kambini na moja kituoni, zimeunganishwa bila kucheleweshwa, zimefunikwa kifuniko cha plastiki kama kile cha keki. Ni ya hatari isiyo ya kuigiza. Upande wowote ukiinua, safari imekwisha. Siku ile Kapteni aliinua kifuniko, mkono ukawa juu ya simu, ndipo skrini ikaandika kwamba lilikuwa zoezi. Makao makuu waliwaandikia kwamba wana wepesi wa kutaharuki. Kapteni, ambaye majibu yake niliyasoma mimi mwenyewe, alimeza maneno yale kama dawa chungu. Hakusahau.

Siku ya mia moja sitini na tatu niliingia kazini nikiwa na usingizi. Mtoto alikuwa anaota jino. Mawingu yalikuwa yamekaa siku tatu na usiku ule ulipiga upepo mkali, mabati ya maegesho yetu yaligongana hadi asubuhi. Nilichemsha maji ya chai, nikakaa.

Saa mbili na dakika tano iliingia taarifa ya Kapteni. "Saa kumi na moja alfajiri kengele ya hewa imelia. Zoezi limepokelewa. Tumeizima na kuendelea na ratiba."

Nikamgeukia Bwana Utaratibu, aliyekuwa anapanga kalamu zake. "Leo kuna zoezi?"

"Mazoezi hayatangazwi," akasema. "Ila naona safari hii wametulia. Vizuri."

Nikaandika kwenye daftari.

Saa mbili na dakika kumi iliingia taarifa ya umeme. Ilisema: "Umeme sawa. Jenereta sawa. Sote tumelala vizuri sana."

Basi. Nikaisoma tena kutoka juu, kana kwamba salamu imedondokea mahali. Hakuna.

Sasa nitasema kilichonipata, kwa sababu baadaye nilikisema mbele ya watu saba na hakuna haja ya kuficha. Nilikasirika. Nikasema moyoni, kumbe! Kijana amechoka. Adabu zake zote zile zilikuwa na kikomo, na leo zimefika. Amenidharau. Mimi niliyeamka mara nne na mtoto wake, ndiye wa kutupiwa "umeme sawa" kama karani wa mita. Nikanywa chai. Nikaandika "Imepokelewa", nikaifuta, nikaona hata hiyo ni nyingi kwake. Nikanyoosha daftari. Nikaenda kuosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Nilikuwa najenga hotuba nzima kichwani, ya siku atakapotoka, na nilikuwa nimefika mahali pazuri sana pa hotuba simu yangu ilipolia. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tisa.

"Mama, amekuamkia?"

"Leo hakuniamkia," nikasema. "Na asiniamkie. Mtu mzima amechoka kujipendekeza."

Binti yangu hakucheka. Nilimsikia akimhamisha mtoto bega moja hadi jingine.

"Mama, nani hakukuamkia? Mume wangu?"

"Una waume wangapi?"

"Yule aliugua malaria akawa haoni mbele, ulipoingia chumbani akakuamkia kwanza ndipo akatapika. Unakumbuka? Hasahau, mama. Anaweza kusahau jina lake, hilo hasahau. Ana nini?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka na jambo jingine. Miaka mingi nyuma, mwanamke alinipigia simu kazini, sauti yake tulivu, ya mtu anayesimulia harusi. Alisema hakuna tatizo, ila watoto wanalala sana leo, na jiko la mkaa liko chumbani kwa sababu ya baridi, na yeye mwenyewe amesahau alichotaka kusema. Wenye majeraha hupiga kelele. Waliovuta hewa ya moshi hawapigi kelele. Wanakuwa wapole, wanasema wamelala vizuri sana, na wanasahau kitu ambacho hawakuwahi kukisahau.

"Nitakupigia," nikamwambia binti yangu, nikakata, na nikainua kifuniko cha keki.

Bwana Utaratibu alisimama hadi kalamu zikaanguka. "Mama! Siku mia moja sitini na tatu! Una ushahidi gani?"

"Hakunisalimia."

"Nini?"

"Nimesema hakunisalimia, na kengele imelia kweli, na wewe usinipotezee muda." Simu ilikuwa inaita. Ikaita, ikaita, ikaita. Kambini simu ile ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka popote.

"Unaona," akasema, "wanadhani ni zoezi. Wamekataa kutaharuki."

"Au hawawezi kusimama." Nikamwekea simu ya kawaida mkononi. "Piga. Gari la wagonjwa, mawili kama yapo. Sema hewa ya moshi, watu watano, sema oksijeni. Taja njia ya kuanzia barabara kuu, usitaje jina la mradi, hawalijui. Usikate mpaka wao wakate."

Alipiga. Hilo sitamnyima: sauti yangu ile ya miaka ishirini na miwili ilipotoka, alitii papo hapo, na alisema kila kitu kwa mpangilio kuliko ambavyo ningesema mimi.

Dereva wetu tulimwita Breki, kwa sababu alifunga breki hata kwa kivuli cha ndege. Nilimkuta anafuta kioo. Njia ya kwenda kambini ni mawe matupu, na kwa kawaida alitumia nusu saa. Siku ile nilimwambia neno moja tu, "Wanakufa," na mtu huyo akasahau kwamba gari lake lina breki. Tulifika kwa dakika kumi na moja. Kichwa changu kiligonga paa mara tatu na sikusema kitu. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu. Ujumbe ule ulipoingia kwangu ulikuwa tayari na umri wa dakika ishirini. Hizo ni za sayari, za mradi, za kila mtu. Kisha mimi nikaongeza kumi na tisa, na hizo hazikuwa za mtu mwingine.

Jenereta ilikuwa inanguruma kibandani, maana siku tatu za mawingu paneli hazikupata jua. Upepo wa usiku ulikuwa umeng'oa bomba lake la moshi na kulilaza chini, mdomo wake umeelekea kwenye tundu la kuvutia hewa ya nyumba, shubiri mbili tu. Hakuna aliyetoka kuliona. Siku ile haikuwa siku yao ya kutoka.

"Izime!" nikamwambia Breki. Akaizima. Mlango wa nje nikaufungua, akanifuata kwa mbio hadi kichumba cha kati, na hapo akasimama. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa pili nikahisi hayupo nyuma yangu.

"Unangoja nini?"

Akanyoosha kidole juu, jasho linamtoka. "Taa, mama."

Taa ilikuwa nyekundu. Alikuwa mzima wa afya, amevuta hewa safi maisha yake yote, na alikuwa anangoja taa. Sikumtukana. Nilimshika shati nikamvuta, nikasukuma mlango kwa kiwiko, nikauegemeza kiti usijifunge.

Ndani kulikuwa na joto na ukimya. Daktari wao alikuwa mezani, kijiko mkononi, amejiinamia uji uliopoa. Wengine wawili walikuwa vitandani kama watu wa Jumapili. Kapteni alikuwa macho. Aliponiona uso wake ulijaa hofu, akajikongoja kuja kwangu akikokota helmeti, akaanza kunivisha. Mikono ilikuwa inamkosea. "Umeingiaje hivyo," alikuwa ananong'ona, "utakufa, mama wa watu, utakufa." Alitaka kuniokoa. Sikuwahi kumwona ana kwa ana kabla ya hapo, na mpaka leo nikimfikiria machozi yananilenga. Nilimwacha anivishe, nikamgeuza taratibu, nikatoka naye, mimi na helmeti yangu kichwani, nikamketisha juani. Breki alibeba wale wa vitandani mmoja mmoja. Daktari alitembea mwenyewe, na kijiko chake.

Mkwe wangu hakuwapo mezani wala kitandani. Nilimpata sakafuni, kwenye sanduku la umeme, amelala kifudifudi, bisibisi iko karibu na vidole. Nadhani alihisi kuna kitu hakiko sawa akaja kukitafuta, kisha akasahau anatafuta nini.

Mkwe ni mtu wa kuheshimiana kwa umbali. Hata mkono nilikuwa nampa vidole vitatu. Nilimwingiza mikono kwapani nikamburuta kama gunia, kisigino kwa kisigino, hadi kwenye kichumba cha kati. Hewa ya nje ilipompiga akafumbua macho. Aliona mwanga kupitia mlango ulio wazi, akaona hana helmeti, na kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Samahani mama. Nje hakuna hewa."

"Ipo. Achia."

"Hakuna hewa. Samahani."

Nilivuta. Vidole vya fundi ni chuma. Breki alikuwa nje bado, ameinamia mmoja wa wale wawili aliyekuwa hapumui vizuri. Nilimwita, hakusikia. Nilimpiga mkwe wangu mkono. Nilimwambia ni amri ya kituo. Nilimwambia ni zoezi, nikamwambia si zoezi. Alikuwa anaomba msamaha tu na kushikilia. Nami nilijua, kwa uzoefu, kwamba mtu akiwa hivyo, kila dakika anayobaki karibu na ile hewa inachukua kitu ambacho hakirudi.

Nikavua helmeti. Nikapiga magoti nikamsogelea sikio.

"Marahaba," nikamwambia.

Akanitazama.

"Marahaba, mwanangu. Ya leo ingawa hukuniamkia. Ya jana. Ya juzi. Zote mia moja sitini na mbili, nilikuwa nazo, nilizikalia kwa roho mbaya yangu. Marahaba. Mtoto ameota jino. Sasa achia mlango twende."

Vidole viliachia kimoja kimoja. Nilimvuta hadi kwenye mawe, nikamlaza ubavu, kichwa chake mapajani mwangu, na hapo nililia kwa sauti, mbele ya Breki na mbele ya sayari nzima.

Daktari wa hospitali alinieleza baadaye kwamba si maneno yaliyomwachisha, ni hewa safi ilikuwa imeanza kufika kwenye ubongo. Sibishani na daktari.

Wote watano walipona, kwa viwango tofauti. Safari ilihesabiwa kuwa imevunjika siku ya mia moja sitini na tatu. Makao makuu walituma watu saba kuchunguza, wakakaa kwenye chumba chetu wiki nzima, wakamaliza majani yangu ya chai. Waliweka karatasi ukutani yenye kila dakika ya asubuhi ile. Saa kumi na moja, kengele. Saa mbili kasoro kumi, ujumbe unatumwa. Saa mbili na kumi, ujumbe unafika. Saa mbili na ishirini na tisa, simu ya kweli inainuliwa. Kati ya hizo mbili za mwisho palikuwa peupe.

Kabla sijaitwa, Bwana Utaratibu alinivuta pembeni. Alikuwa amekonda. "Hapo pa dakika kumi na tisa," akasema, "nitaandika kwamba ulikuwa unachambua taarifa. Hakuna atakayeuliza zaidi." Ilikuwa mara ya kwanza namwona anataka kupindisha kitu, na alitaka kukipindisha kwa ajili yangu.

"Usiandike hivyo, bosi."

Mwenyekiti wao aliniuliza nilikuwa nafanya nini. Nikajibu, "Nilikuwa nimenuna."

"Tafadhali fafanua."

"Nilikasirika kwa sababu mkwe wangu hakuniamkia. Ilikuwa dalili ya ugonjwa, mimi nikaona ni ufidhuli. Kama ningekuwa nimemjibu salamu zake toka mwanzo, nisingekuwa na hasira, na ningekiona kile ninachojua kukitambua." Alinyanyua kalamu akaishusha. Fomu yake haikuwa na kisanduku cha jambo hilo.

Mwishowe waliingiza sheria mpya kwenye mwongozo. Kila anayetuma ujumbe ataanza kwa salamu aliyoizoea, na kukosekana kwake kutachukuliwa kuwa kiashiria cha hali ya mtumaji. Wameiandika kwa lugha nzito hivyo. Na mpokeaji lazima ajibu. Mimi sikurudi kwenye ile kazi. Waliniomba, nikakataa.

Mkwe wangu alilazwa siku kumi na sita. Siku ya tatu nilienda peke yangu, nikavuta kiti. Alijitahidi kuketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Lala."

Alishangaa, nikamwona anashangaa. Hakukumbuka mlango. Hakukumbuka chochote cha asubuhi ile, wala cha jana yake. Nikaona kwamba yale niliyomwambia kwa magoti hayapo popote duniani isipokuwa kichwani kwangu, na kwamba kama nataka ayapate itabidi niyaseme tena mtu akiwa na akili zake, jambo ambalo ni gumu mara mia. Nikayasema. Nikamwambia na zile dakika kumi na tisa.

Alitazama mikono yake. Wa kushoto ulikuwa bado unatetemeka, na fundi umeme mwenye mkono unaotetemeka ni fundi asiye na kazi. Wote wawili tulikuwa tunautazama.

"Ungenuna nusu saa, je?" akauliza.

"Tungekuzika."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ulininunia kidogo, mama." Na akacheka, yule kijana. Nilitamani anitukane.

Mkono ulichukua miezi kutulia, na haujatulia wote. Sasa anafundisha umeme kwenye chuo, anaonyesha kwa mkono wa kulia. Wamerudi nyumbani kwao, mtoto ameshaanza kutembea na kuvunja vitu. Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, mkwe wangu hunipigia. Anasema "Shika—" na marahaba yangu inamkuta neno halijatoka lote. Binti yangu anasema tumekuwa kama watoto wawili wanaocheza. Hatuna mazungumzo mengine. Anakata, naendelea na shughuli zangu.

Wiki iliyopita saa mbili kasoro kumi ilifika, simu haikulia. Alikuwa ameisahau kwenye gari, akarudi kuichukua, akapiga saa mbili kasoro saba na kuomba radhi. Nilimwambia hakuna neno. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshavaa viatu na niko getini.